Jarida Dogo Lisibaki Mpangaji

Ukiondoka Gatuanyaga asubuhi na mapema, kabla ya saa sita mchana utakuwa umepita malango ya taasisi tatu za utafiti, kila moja na maktaba yake. Unapanda matatu kwenye barabara ya Garissa hadi Thika, ambako KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, lina kituo cha utafiti wa mboga na matunda. Unaunganisha hadi Juja, na hapo ni JKUAT, iliyoanza mwaka 1981 kama chuo cha kilimo na teknolojia, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Mbele kidogo ni Ruiru, nyumbani kwa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa. Huko ndiko ilikozalishwa Ruiru 11, aina ya kahawa iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 kwa sababu inastahimili chulebuni na kutu ya majani.

Chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wa hapa huuita CBD tu, uliripotiwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922. Mengi yameandikwa juu yake tangu wakati huo, na sehemu kubwa ilitoka katika machapisho membamba ya karatasi kama Kenya Coffee, jarida la Bodi ya Kahawa. Yalitumwa kwa posta kwa waliojiandikisha, yakasomwa, yakapangwa rafuni. Leo kijana wa Gatuanyaga anayeutafuta ugonjwa huo kwenye simu yake hukutana kwanza na majarida ya mbali, mengine yakimtaka alipe kwa dola kabla hajavuka ikisiri. Ya Ulaya yamemfikia kiganjani. Yaliyoandikwa kilomita thelathini hivi kutoka kwao yanamtaka atafute nauli.

Hali hiyo si ya kahawa peke yake. Majarida ya lugha, historia, sheria, elimu na tiba ya mifugo yanayotolewa na idara za vyuo na vyama vya wasomi Afrika Mashariki yana kisa hichohicho: toleo limechapishwa, limesambazwa kwa nakala mia chache, kisha limenyamaza. Swali la makala hii ni nani ayapeleke mtandaoni, na vipi. Jibu langu ni kwamba kazi hiyo inaifaa maktaba ya utafiti kuliko ofisi nyingine yoyote, kwa sababu moja ambayo husahaulika mara nyingi. Kutengeneza tovuti ni kazi ya wiki mbili. Kuifanya makala ifunguke miaka ishirini baadaye ni kazi ya taasisi iliyozoea kutunza, na katika chuo au kituo cha utafiti, taasisi hiyo ni maktaba.

Kifo cha jarida huanzia wapi

Jarida dogo lina mhariri mmoja, tena asiyelipwa. Hufundisha mchana, husahihisha mitihani jioni, na hushughulikia makala za jarida usiku. Wahakiki ni marafiki wa kitaaluma wanaoombwa kwa heshima na kukumbushwa kwa upole. Fedha za uchapaji hutoka idarani mwaka ambao idara inazo. Toleo la Juni hutoka Desemba, na pengo likizidi, juzuu mbili hufungwa pamoja chini ya jalada moja ili hesabu ya miaka isipotee.

Intaneti ilipokuja, wengi walidhani imemaliza tatizo. Gharama ya uchapaji ingetoweka, na posta pia. Mhariri akamwomba kijana fulani anayejua kompyuta amtengenezee tovuti. Kikoa kikanunuliwa kwa jina la mhariri mwenyewe na kulipiwa kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Nywila zikaandikwa kwenye daftari. Kwa miaka mitatu au minne mambo yakaenda vizuri. Kisha mhariri akastaafu, au akahamia chuo kingine, au akafariki. Malipo ya kikoa yakapita siku. Anwani ikanunuliwa na mtu asiyejulikana, na msomaji aliyefuata kiungo kilichotajwa katika tasnifu akajikuta kwenye ukurasa wa kamari.

Jarida la namna hiyo ni kama mpangaji: limekaa kwenye nyumba ya mtu, kodi inalipwa na mtu, na siku mtu huyo akikosekana vitu vyote vinatolewa nje. La karatasi lilikuwa na bahati moja ambayo hatukuithamini. Nakala zake zilikuwa zimetawanyika katika maktaba hamsini, na mchapaji kufilisika hakukuzifuta. Tulipohamia mtandaoni tuliacha nakala hamsini tukashika moja, tena iliyo mikononi mwa mtu binafsi. Mpango wowote wa kusaidia majarida madogo usioanza na udhaifu huo unajenga kwenye mchanga.

Njia zilizokwisha kujaribiwa

Majarida ya Afrika Mashariki yamejaribu njia kadhaa, na kila moja ina la kutufundisha.

Ya kwanza ni kujikabidhi kwa mchapishaji mkubwa wa kibiashara. Azania, jarida la akiolojia lililoanzishwa Nairobi mwaka 1966 na taasisi ya Waingereza inayotafiti historia ya eneo hili, liko chini ya Taylor & Francis tangu mwaka 2009. Huko huko ndiko yaliko matoleo ya jarida la kilimo na misitu la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1935 na ambalo leo ni la KALRO. Faida zipo, na si haki kuzibeza: makala hupangwa vizuri, hupewa vitambulisho vya kudumu, na huonekana na watafiti wa dunia nzima. Hasara inamwangukia msomaji asiye na chuo kikubwa nyuma yake. Ofisa kilimo wa wadi akitaka kusoma jaribio la mbolea lililofanywa nchini mwake miaka ya 1950, anaweza kukuta mlango wenye bei.

Njia ya pili ni msaada wa maktaba za mbali. Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, kupitia maktaba yake, kiliweka mtandaoni bila malipo matoleo ya zamani ya majarida kadhaa ya Afrika. Miongoni mwake ni Africa Media Review, lililoanza Nairobi mwaka 1986 chini ya baraza la elimu ya mawasiliano Afrika, na Utafiti, jarida la sanaa na sayansi za jamii la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililoanza mwaka 1976. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Florida ilifanya vivyo hivyo kwa Uganda Journal, jarida la Uganda Society lililotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1934. Nao wasomaji wa Kiswahili wanalijua Swahili Forum, lililoanza Cologne mwaka 1994 kama sehemu ya mfululizo wa karatasi za kazi. Makala zake nyingi za zamani sasa zimo katika hazina ya kidijitali ya Maktaba ya Chuo Kikuu cha Leipzig, kila moja na anwani yake ya kudumu, na yeyote anazisoma bure.

Mfano wa Leipzig ndio ulio karibu zaidi na hoja yangu. Wahariri wa Swahili Forum walibaki wahariri. Waliendelea kuchagua makala, kubishana na waandishi na kusahihisha. Maktaba haikugusa hayo. Ilichukua yale ambayo mhariri hana muda wala ujuzi wake: kuskani, kuorodhesha, kutoa anwani ya kudumu, kuhifadhi. Mgawanyo huo wa kazi ulilipa jarida dogo la lugha yetu uhai ambao majarida mengi yaliyo nyumbani hayajaupata.

Linalosikitisha ni umbali wenyewe. Utafiti lina maskani matatu: karatasi za kwanza ziko Dar es Salaam, nakala za kidijitali za matoleo ya zamani ziko Michigan, na matoleo mapya yanachapishwa na Brill wa Leiden, Uholanzi. Mwanafunzi anayetaka kufuata mjadala mmoja tangu enzi za Azimio la Arusha hadi leo lazima abishe milango ya mabara matatu. Tuwashukuru waliotusaidia, lakini tukumbuke kwamba mwenye seva ndiye mwenye uamuzi wa mwisho, na mradi wa mbali huisha pale fedha za mbali zinapoisha.

Njia ya tatu ni jukwaa la pamoja. African Journals Online, au AJOL, lilianza mwaka 1998 kama jaribio la shirika la INASP la Oxford, likahamia Afrika Kusini mwaka 2005, na leo linabeba zaidi ya majarida 500 ya bara hili. Limefanya kazi kubwa kuliko yeyote kuyafanya majarida yetu yaonekane. Pamoja na INASP limeweka pia vigezo vya ubora vinavyoyapa majarida nyota kulingana na utaratibu wao wa uchapishaji. Hata hivyo AJOL ni kama soko kuu: linamtaka mkulima afike na mazao yaliyokwisha kupangwa kwenye kreti. Mhariri asiye na PDF safi, ikisiri, tarehe za matoleo na ruhusa za waandishi hukwama njiani kabla ya kufika sokoni. Anayeweza kumsaidia kupanga kreti ni mkutubi wa jirani.

Njia ya nne imeanza kushika. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jukwaa lake, ambamo jarida la Kiswahili, lenye mizizi katika kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930, linapatikana pamoja na ndugu yake Mulika. JKUAT nayo inaendesha jukwaa la jarida lake la kilimo, sayansi na teknolojia hapo Juja. Vyuo vyote viwili vinatumia Open Journal Systems, programu ya bure iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2001 na mradi wa John Willinsky huko Kanada, na ambayo tangu mwaka 2005 imekuwa ikilelewa kwa ushirikiano na maktaba ya Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Hapo kuna funzo: programu inayobeba majarida mengi kuliko nyingine yoyote ya aina yake duniani ilikomaa mikononi mwa maktaba.

Maktaba ifanye nini hasa

Tuchukue jarida la kubuni: la idara fulani, lenye juzuu kumi na mbili za karatasi tangu miaka ya 1990, mhariri mmoja na hamu ya kwenda mtandaoni. Mkutubi anaanzia wapi?

Anaanza kwa kuhesabu. Mara nyingi hakuna mtu mmoja mwenye matoleo yote. Mawili yako kwa mhariri wa kwanza, moja limo katika maktaba ya chuo jirani, jingine linadhaniwa halikuwahi kutoka. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwa jarida daftari hilo ni orodha ya kila juzuu, toleo, mwaka na kurasa. Orodha hiyo pekee, hata kabla ya kuskani ukurasa mmoja, ni huduma ambayo mhariri hawezi kuilipia popote.

Baada ya hapo ndipo skana inapoingia. Kurasa huskaniwa kwa ubora wa nukta 300 au 400 kwa inchi. Faili kubwa huwekwa kwa ajili ya uhifadhi, na faili nyepesi hutengenezwa kwa ajili ya msomaji mwenye bando la shilingi ishirini. Kisha kompyuta inasomeshwa maandishi ili yaweze kutafutwa. Mashine za kusoma maandishi sasa zinakijua Kiswahili, lakini majina yetu bado yanazishinda. Alama za juu za Kikuyu katika ĩ na ũ hugeuka kuwa herufi nyingine. Ng'ang'a aliyepigwa chapa kwa alama moja ya ritifaa na Ng’ang’a wa alama nyingine ni watu wawili mbele ya kompyuta, na utafutaji wa mmoja haumpati mwenzake. Mwandishi mwenye majina matatu hutajwa kwa la kwanza hapa, kwa la mwisho pale, na kazi zake hugawanyika kana kwamba ni za watu tofauti. Mafundi wa mitambo hawana sababu ya kuyajali haya. Wakutubi wamesomea kuyajali.

Halafu kuna ruhusa, jambo linalowatisha wengi bure na ambalo wengine hulipuuza kwa hatari. Chini ya sheria ya Kenya hakimiliki ya maandishi hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Majarida madogo mengi hayakuwahi kusainiana mkataba na waandishi wake. Mwandishi alituma makala, ikachapishwa, basi. Ina maana kwamba haki nyingi bado ni za mwandishi au warithi wake. Njia ya busara ni kuandika barua kwa wanaopatikana, kutoa tangazo la wazi kwa wasiopatikana, na kuahidi kuondoa makala ambayo mwenye haki ataikataa. Kwa makala mpya, fomu ya ukurasa mmoja inayobakiza hakimiliki kwa mwandishi na kuliruhusu jarida na maktaba kuisambaza bure inatosha kuwaepushia wajukuu wetu mzigo huu.

Hatua inayofuata ni vitambulisho. Toleo la karatasi na la mtandaoni la jarida moja huhitaji namba mbili tofauti za ISSN, na wahariri wengi hawalijui hilo mpaka wakataliwe mahali. Kila makala inahitaji kitambulisho cha DOI, ambacho kazi yake ni rahisi kueleza: tovuti ikihama, kitambulisho hakihami, kwa sharti kwamba kuna mtu anayesasisha anwani mpya. Ada zake ni ndogo kwa taasisi na nzito kwa idara moja, kwa hiyo maktaba ikijiandikisha mara moja kwa niaba ya majarida kumi, mzigo unagawanyika. Waandishi nao hupewa namba za ORCID, zilizoanza mwaka 2012, ili Ng'ang'a arudi kuwa mtu mmoja.

Mwisho kuna uhifadhi. Mwaka 1999 maktaba za Chuo Kikuu cha Stanford zilianzisha mpango wa LOCKSS, ambao msingi wake ni kwamba nakala nyingi ndizo usalama. Ni ile bahati ya karatasi, nakala hamsini katika maktaba hamsini, iliyorudishwa kwa njia ya kompyuta. Watengenezaji wa Open Journal Systems wana mtandao wao wa uhifadhi unaotumia msingi huohuo, na majarida yaliyo kwenye programu yao yanaweza kujiunga bila malipo. Kujiunga ni suala la kuwasha kitufe, lakini lazima awepo mtu anayejua kwamba kitufe kipo.

Pamoja na hayo, maktaba hulikopesha jarida jina lake. Miaka hii wasomi wachanga wanawindwa na majarida ya ulaghai yanayoahidi kuchapisha ndani ya siku tatu kwa malipo, bila uhakiki wowote. Jarida la kweli lakini dogo, lenye tovuti iliyochakaa, linafanana kwa sura na matapeli hao. Likikaa chini ya anwani ya chuo, na wahariri, taratibu za uhakiki na tarehe za matoleo vikionekana wazi, msomaji anapata cha kulipima.

Yasiyoihusu maktaba

Kuna mipaka, na tusipoitaja msaada utageuka ugomvi. Maktaba haipaswi kuchagua makala, kuteua wahakiki wala kuamua jarida liandike nini. Siku mkutubi atakapoanza kusahihisha hoja za mwandishi, mhariri ataondoka na jarida litakufa kwa ugonjwa mpya. Vilevile maktaba isikubali kupokea jarida lisilo na mhariri. Jukwaa lenye majarida ishirini, kumi na matano kati yake yakiwa na toleo moja tu la mwaka wa uzinduzi, ni makaburi yenye majina mazuri.

Ipo pia pingamizi nzito zaidi: kwamba maktaba zetu zenyewe hazijasimama imara. Bajeti hukatwa, wafanyakazi hawatoshi, na seva mara nyingi ziko chini ya idara ya kompyuta, ambayo inaweza kubadilisha mfumo wakati wa likizo bila kumwambia mtu. Tovuti za vyuo vyetu nazo huhama, na viungo vya zamani hufa. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe paa lake linavuja, mpangaji ananufaika na nini?

Pingamizi hii ni ya kweli, na inajibiwa kwa maandishi na ushirika. Kwa maandishi, maktaba na jarida zitie saini makubaliano ya kurasa mbili: nani ana nywila, nani analipa nini, nakala za akiba ziko wapi, na nini kitafanyika upande mmoja ukishindwa. Idara ya kompyuta itie saini hapohapo. Kwa ushirika, si lazima kila chuo kiwe na seva yake. Kenya ina KENET, mtandao wa elimu na utafiti ulioanza mwaka 1999, unaovihudumia vyuo kwa intaneti na seva. Ina pia KLISC, umoja wa maktaba ulioundwa mwaka 2003, ambao kazi yake kubwa imekuwa kununua kwa pamoja haki ya kusoma majarida ya nje. Tanzania ina COTUL, na Uganda ina CUUL. Tumeonyesha kwamba tunaweza kuungana kununua ya wengine, kwa hiyo tunao uzoefu wa kuungana kuchapisha yetu.

Hapo ndipo suala la fedha linapokaa vizuri zaidi. Maktaba ya chuo hutoa kila mwaka kiasi kikubwa kulipia hifadhidata za nje, na hakuna anayeshangaa. Ikitaka kumlipa mfanyakazi mmoja wa kusimamia majarida ya chuo chenyewe, huambiwa kwamba uchapishaji si kazi ya maktaba. Gharama ya pili ni ndogo mno kando ya ile ya kwanza. Programu ni ya bure. Skana nyingi tayari zipo, zilinunuliwa kwa ajili ya tasnifu. Kinachokosekana ni nafasi ya kazi yenye jina na mshahara, na kinachoileta nafasi hiyo ni uamuzi wa uongozi wa chuo kwamba jarida lao ni mali ya chuo kama lilivyo jengo.

Dunia nayo imeanza kugeukia upande huu. Utafiti wa mwaka 2021 ulikadiria kwamba kuna majarida kati ya 17,000 na 29,000 duniani yasiyomtoza mwandishi wala msomaji. Mengi ni madogo, ya vyuo na vyama, yanayoishi kwa kujitolea. Mwaka huohuo UNESCO ilipitisha pendekezo lake kuhusu sayansi huria. EIFL, shirika linalozisaidia maktaba, AJOL, na WACREN, mtandao wa elimu na utafiti wa Afrika Magharibi na Kati, yameungana kuimarisha majarida ya aina hii barani Afrika. Jarida letu dogo si masalia ya zamani yanayosubiri kufa. Kwa idadi, lina ndugu kwa maelfu.

Kutoka Ruiru hadi Gatuanyaga

Sasa turudi kwenye barabara ya Thika. Maktaba za ukanda huu zingefanya nini kesho, bila kusubiri mfadhili?

Zingeanza na jarida moja, si kumi. Zingechagua lenye mhariri aliye hai na mwenye ari, ziweke mtandaoni toleo lake lijalo pamoja na juzuu moja ya zamani kwa wakati mmoja. Toleo jipya pekee halionyeshi kwamba jarida lina historia. Juzuu za zamani pekee zinaligeuza kuwa makumbusho. Vikitoka pamoja, mwandishi mchanga anaona mahali pa kutuma kazi yake, na mwandishi mzee anaona kwamba kazi yake haikutupwa.

JKUAT tayari ina jukwaa na uzoefu. Vituo vya utafiti vya Thika na Ruiru vina makabati ya machapisho. Kinachohitajika kati yao ni makubaliano kuliko mashine: mwenye jukwaa akubali kubeba chapisho la jirani, mwenye kabati akubali kulifungua. Machapisho ya kahawa yangefaa kuwa ya kwanza, kwa sababu wasomaji wake hawako vyuoni peke yao. Wako katika vyama vya ushirika, viwanda vya kumenya kahawa na mashamba ya ekari moja.

Hapo lugha inaingia. Open Journal Systems huruhusu kila makala kuwa na kichwa na ikisiri katika lugha zaidi ya moja. Makala ya Kiingereza juu ya chulebuni inaweza kuwa na ikisiri ya Kiswahili ya maneno mia mbili, na ikisiri hiyo ndiyo itakayotokea mtu akiandika kwenye simu maneno anayoyatumia shambani. Mkutubi akimwomba kila mwandishi ikisiri ya Kiswahili, na akaweka katika maneno ya utafutaji chulebuni pamoja na CBD, kutu ya majani pamoja na jina lake la kitaalamu, atakuwa amejenga daraja ambalo hakuna mchapishaji wa Ulaya atakayetujengea.

Mafanikio ya kazi yote hii yasipimwe siku ya uzinduzi, kwa hotuba na keki. Yapimwe miaka kumi baada ya mhariri wa kwanza kuondoka. Siku hiyo mtu aliyeketi Gatuanyaga, bando lake limebaki kidogo, atabonyeza kiungo alichokikuta mwishoni mwa tasnifu ya zamani. Ukurasa ukifunguka, na jina la mwandishi likawa limeandikwa sawasawa, ritifaa yake mahali pake, maktaba itakuwa imefanya kazi yake, hata kama msomaji huyo hatajua kwamba kuna maktaba iliyohusika.